Besiboli ya kompyuta na kazi ngumu ya kukuza chipukizi

Katika michezo ya kompyuta inayomwezesha mtu kuongoza klabu ya besiboli kupitia intaneti, ushindi hauletwi na wepesi wa vidole. Huletwa na maamuzi, na ulio mgumu kuliko yote ni uamuzi kuhusu mchezaji kijana: je, aharakishwe kuingia kikosi cha kwanza, aachwe akomae, au auzwe angali na thamani?

Swali hilo halikuzaliwa ndani ya kompyuta. Ndilo linaloamua maisha ya maelfu ya vijana halisi katika viwanja vya Marekani, Jamhuri ya Dominika, Venezuela na, katika miaka ya karibuni, Uganda pia.

Kwa msikilizaji aliyezoea soka, besiboli hufanana kwa mbali na kriketi. Mrushaji hurusha mpira, mpigaji aliyeshika rungu hujaribu kuupiga, na akifaulu hukimbia kuvizunguka vituo vinne ili kuipatia timu yake pointi. Ligi Kuu inayochezwa Marekani na Canada ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 katika msimu wa kawaida. Kila mrusho na kila pigo huandikwa. Takwimu hizo, ambazo zimekuwa zikikusanywa tangu karne ya 19, ndizo zilizoufanya mchezo huu uhamishike kwa urahisi kwenye karatasi na hatimaye kwenye kompyuta. Mwaka 1961 Wamarekani walikuwa tayari wakinunua Strat-O-Matic, mchezo wa mezani wa kadi na dadu ambapo kila kadi ilikuwa mchezaji wa kweli.

La kushangaza kidogo ni kwamba programu inayosifiwa kuliko nyingi katika fani hii haikubuniwa Marekani bali Ujerumani, nchi ambako besiboli ni mchezo wa watu wachache. Programu hiyo ni Out of the Park Baseball ya Markus Heinsohn, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1998. Toleo la mwaka 2007 lilipewa wastani wa alama 96 kwa 100 katika tovuti ya Metacritic, ambayo hukusanya maoni ya wahakiki, kiwango ambacho michezo iliyotengenezwa kwa mamilioni ya dola mara nyingi haikifikii. Mwaka 2020 kampuni yake ilinunuliwa na Com2uS ya Korea Kusini.

Anayecheza haupigi mpira hata mara moja. Yeye ndiye meneja mkuu: husajili, huuza, hupanga mishahara, huajiri makocha na wasaka vipaji, na kompyuta ndiyo inayocheza mechi. Katika ligi ya mtandaoni kila klabu ina mwenyewe, na mmoja kati yao huwa msimamizi wa ligi. Kila mwanachama hupakua faili la ligi, hufanya mabadiliko katika timu yake, kisha huyatuma kabla ya saa iliyopangwa. Saa hiyo ikifika, msimamizi huisogeza kalenda mbele, pengine wiki nzima kwa mkupuo mmoja, na matokeo hutangazwa kwa wote.

Ligi ikipanga muda wake kwa kufuata New York, saa sita ya usiku ya huko wakati wa kiangazi ni saa kumi na moja alfajiri mjini London, saa moja asubuhi Nairobi na saa mbili asubuhi Muscat. Kwa hiyo mwanachama aliye Oman anaweza kuyajua yaliyoisibu timu yake kabla hajaanza kazi, ilhali mwenzake wa Minneapolis, ambako ni saa tano usiku, ndiyo kwanza anajiandaa kulala.

Namba mbili kwa kila mchezaji

Ndani ya programu hii kila mchezaji ana namba za aina mbili. Za kwanza zinaeleza uwezo wake wa leo. Za pili zinaeleza kilele anachotarajiwa kukifikia. Kwa mpigaji hupimwa mambo kama uhakika wa kuugusa mpira, nguvu ya pigo, na jicho la kutambua mrusho usiofaa kupigwa. Kwa mrushaji hupimwa ukali wa mirusho, mzunguko wa mpira hewani, na usahihi wa kuuelekeza anakotaka. Wengi hutumia kipimo cha 20 hadi 80, ambacho ndicho wasaka vipaji wa kweli wanachotumia, na ambamo 50 ni wastani wa mchezaji wa Ligi Kuu.

Kosa la kwanza la mgeni ni kuiona namba ya pili kama ahadi. Si ahadi hata kidogo. Kwanza kabisa, namba anayoiona meneja si ukweli wenyewe bali ni maoni ya msaka vipaji aliyemwajiri, na wasaka vipaji hutofautiana. Yuko anayevutiwa na kijana mwenye mwili na nguvu ingawa bado hajui kucheza. Yuko anayempendelea kijana ambaye tayari anacheza vizuri ingawa hana pa kwenda mbele zaidi. Meneja makini humjua mtu wake na humsoma kwa tahadhari inayostahili. Aidha hulinganisha maoni hayo na yale ya shirika la upelelezi wa vipaji lililomo ndani ya mchezo, na panapotofautiana sana ndipo anapochunguza zaidi.

Pili, kilele chenyewe huhama. Mchezaji anayepewa leo kilele cha 70 anaweza mwakani kuonyesha 55, bila jeraha wala sababu inayoonekana, na mwingine aliyedharauliwa akapanda ghafla. Ligi inaweza kuongeza au kupunguza kiwango cha bahati nasibu hiyo, lakini ligi nyingi huiacha iwepo, na wanafanya vyema, kwani besiboli ya kweli ndivyo ilivyo. Mike Piazza alichaguliwa mwaka 1988 katika raundi ya 62, akiwa mchezaji wa 1,390, na klabu ya Los Angeles Dodgers ilimchukua kwa kumfadhili baba yake aliyekuwa rafiki wa meneja Tommy Lasorda. Mwaka 2016 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli. Kwa upande mwingine, Brien Taylor, aliyekuwa chaguo la kwanza kabisa nchini Marekani mwaka 1991 na kulipwa dola milioni 1.55 kwa kusaini tu, aliumia bega nje ya uwanja mwaka 1993 na hakucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu.

Kitalu na miche

Klabu ya besiboli haina timu moja. Chini ya kikosi cha kwanza kuna ngazi za timu ndogo, ambazo Wamarekani huziita mashamba. Mfumo huo ulijengwa na Branch Rickey katika klabu ya St. Louis Cardinals tangu miaka ya 1920. Klabu yake haikuwa na fedha za kushindana na matajiri katika kununua wachezaji waliokomaa, hivyo ikaamua kuwaotesha wenyewe, na kufikia mwaka 1940 ilikuwa na timu ndogo zaidi ya 30. Siku hizi mashamba yamepungua. Baada ya msimu wa 2020, ambao uliharibiwa na ugonjwa wa corona, Ligi Kuu ilizipunguza timu ndogo zenye mikataba nayo kutoka 160 hadi 120, yaani 4 kwa kila klabu, mbali na zile za vijana wanaoanza kabisa huko Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika.

Mchezo wa kompyuta unazifuata ngazi hizo moja baada ya nyingine, na hapa ndipo kazi ya malezi ilipo. Chukua mfano wa kijana wa miaka 19, mrushaji wa mkono wa kushoto. Ukali wa mirusho yake ni 45 leo na kilele ni 70. Usahihi wake ni 30, kilele 55. Kwa lugha nyepesi, anarusha mpira wa kutisha ila hajui utaangukia wapi. Timu ya kwanza ina upungufu wa warushaji, na wanachama wengine wa ligi wameanza kuutania uongozi wa klabu. Kishawishi cha kumpandisha ni kikubwa.

Meneja anayempandisha hadi Triple-A, ngazi iliyo chini tu ya Ligi Kuu, anamweka mbele ya wapigaji wa miaka 26 na 27 ambao hawaufuati mpira uliopotea njia. Wanasimama, wanasubiri, na kijana anawapa nafasi bure au anarusha katikati, nao wanaupiga mpira hadi nje ya uwanja. Anayezidiwa namna hiyo kwa miezi mfululizo hukua polepole au hukwama. Akiachwa chini mno napo, ambako anawashinda watoto wenzake kwa nguvu tu, hana anachojifunza. Ngazi inayomfaa ni ile anayofaulu kwa taabu kidogo. Kwa mfano huu ni Single-A, pengine High-A katikati ya msimu endapo idadi ya nafasi anazotoa bure itapungua.

La pili ni muda wa kucheza. Wapo mameneja wanaorundika vipaji vitano vya nafasi moja katika timu moja ya chini, wakafurahia kuvitazama kwenye orodha, ilhali vitatu kati yake vinakaa benchi. Mchezaji asiyecheza hakui. Bora chipukizi wa tatu kwa ubora apelekwe ngazi nyingine anakocheza kila siku, au ahamishiwe nafasi nyingine uwanjani, kuliko kumweka akiba. Jambo hili halina siri yoyote, lakini ndilo linalosahauliwa mara nyingi, hasa kwa kuwa programu ikiachiwa ipange timu za chini yenyewe inaweza kumpa nafasi mkongwe wa miaka 29 kwa sababu leo ni bora kidogo.

La tatu ni makocha. Kila ngazi ina wake, na kocha hodari wa warushaji kule chini kabisa anaweza kuwa na manufaa kuliko jina kubwa katika kikosi cha kwanza, ambako wachezaji wamekwisha komaa. Bajeti ya maendeleo ya wachezaji nayo ina uzito wake, ingawa matokeo yake huchelewa kuonekana, na meneja anayeipunguza ili kumlipa nyota mmoja hataona hasara mwaka huo. Ataiona baada ya miaka mitatu au minne.

Halafu kuna tabia. Programu humpa kila mchezaji hulka: bidii, akili, uaminifu kwa klabu, uongozi, tamaa ya fedha. Kati ya vijana wawili wenye namba zinazolingana, mwenye bidii ndiye wa kuchaguliwa, na wazoefu husema hivyo bila kusita.

Hata hivyo, lipo lisilozuilika, nalo ni kiwiko cha mrushaji. Kano ya kiwiko ikikatika, mchezaji hukaa nje kwa takriban mwaka mmoja au zaidi. Kabla ya mwaka 1974, Dk. Frank Jobe alipofanya upasuaji wake wa kwanza wa kuiunga upya kano hiyo kwa mrushaji Tommy John, jeraha hilo lilikuwa mwisho wa kazi. Katika mchezo wa kompyuta hutokea vivyo hivyo: ujumbe mfupi asubuhi, na kijana aliyelelewa miaka minne anatoweka kwenye mipango. Kwa sababu hiyo wengi hawajengi matumaini yao juu ya mrushaji mmoja. Huwatafuta sita wakitarajia kuwapata wawili, na fedha nyingi huziweka kwa wapigaji, ambao miili yao hudumu zaidi.

Saa inayohesabu

Kama subira pekee ingetosha, kazi ingekuwa rahisi. Lakini kuna saa inayohesabu. Kwa kanuni za Ligi Kuu, ambazo mchezo umezinakili, mchezaji anapotimiza miaka sita ya utumishi katika kikosi cha kwanza anakuwa huru kwenda klabu anayoitaka. Mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kuwa siku 172. Klabu ikimchelewesha kijana kwa wiki mbili tu mwanzoni mwa msimu, inaweza kujipatia karibu mwaka mzima wa ziada wa huduma yake.

Klabu ya Chicago Cubs ilifanya hivyo mwaka 2015 kwa Kris Bryant. Alipandishwa tarehe 17 Aprili, akamaliza msimu akiwa na siku 171 za utumishi, pungufu kwa siku moja, na akachaguliwa mchezaji bora chipukizi wa mwaka. Alilalamika rasmi, na mwanzoni mwa mwaka 2020 msuluhishi aliamua kwamba klabu haikuvunja mkataba. Makubaliano ya kazi ya mwaka 2022 yalijaribu kuziba mwanya huo kwa kumpa mwaka kamili wa utumishi kijana anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura za tuzo hiyo. Katika ligi za mtandaoni hila hiyo hufanyika bila aibu, maana anayeonewa ni namba tu na hana wakili.

Saa ya pili huhesabu upande wa chini. Klabu ina orodha ya wachezaji 40 inaowalinda. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini ya hapo anaweza kukaa nje ya orodha hiyo kwa misimu mitano, na baada ya hapo, asipoingizwa, klabu nyingine inaweza kumchukua katika uteuzi maalumu wa mwisho wa mwaka. Kwa uteuzi wa aina hiyo, ingawa kanuni za wakati huo zilikuwa tofauti, Pittsburgh Pirates ilimnyakua Roberto Clemente kutoka Brooklyn Dodgers mwaka 1954. Clemente, mzaliwa wa Puerto Rico, alimaliza kazi yake akiwa na mapigo salama 3,000 kamili. Mwanachama mpya wa ligi ya mtandaoni asiyeisoma kanuni hii hupoteza mtu karibu kila mwaka wa kwanza.

Na kuna soko. Julai inapofika, klabu zinazowania ubingwa hutafuta wakongwe wa kuwasaidia mara moja, na bei yao ni chipukizi. Mfano unaotajwa sana ni wa Agosti 1987, Detroit Tigers ilipomchukua mrushaji Doyle Alexander kutoka Atlanta Braves na kumtoa kijana wa miaka 20 aitwaye John Smoltz. Alexander alishinda mechi 9 bila kushindwa, na Detroit ikaongoza kundi lake. Lakini haikufika fainali. Smoltz alishinda mechi 213 katika maisha yake na kuingia Jumba la Mashujaa mwaka 2015.

Wengi huusimulia mfano huo kama kisa cha upumbavu, na hapo wanaionea Detroit. Bila Alexander huenda isingeongoza kundi hata kidogo, na bendera iliyokwisha pandishwa haishushwi. Kwa mwanachama wa ligi ya mtandaoni mwenye wachezaji wa miaka 31 na 32 walio kwenye kilele, kumng'ang'ania kijana wa miaka 19 ni kosa vilevile. Kijana huyo atafika wakati wenzake wamekwisha zeeka, na klabu itakuwa imekosa vyote viwili. Ubora wa uamuzi hutegemea umri wa timu nzima, si wa mchezaji mmoja.

Nyuma ya namba

Kitu ambacho kompyuta haiwezi kukionyesha ni kijana mwenyewe. Nchini Jamhuri ya Dominika klabu husajili wavulana wa miaka 16, na wengi wao huwa wameacha masomo mapema ili kufanya mazoezi. Wengi hawafiki Ligi Kuu. Kwenye kioo cha kompyuta mchezaji anayeachwa hufutika kwa kubofya mara moja.

Kutoka Afrika njia ni ndefu zaidi. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Alikuwa hodari wa kudaka na kuzuia mipira, lakini rungu lake lilikuwa dhaifu, na klabu ilimpitisha ngazi kwa ngazi kwa zaidi ya miaka minane. Tarehe 26 Aprili 2017 alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, na alipiga pigo salama katika jaribio lake la kwanza. Mwaka huo alicheza mechi 28 tu. Katika hesabu za mchezo wa kompyuta mchezaji wa aina hiyo hana thamani kubwa: kilele cha 40, labda 45. Mameneja wengi wangemfuta mwaka wa nne.

Uganda, kwa upande wake, ilifuzu kwa mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2011, lakini timu ilinyimwa viza. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers iliwasajili warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Kwa vijana wa namna hiyo, ambao hawakukua wakicheza mechi mia moja kwa mwaka kama wenzao wa Dominika, kipimo cha uwezo wa leo hakisemi mengi, na msaka vipaji hulazimika kuamua kwa kuutazama mkono na mwili.

Katika ligi za mtandaoni hutokea pia kwamba anayeondoka si mchezaji bali meneja. Mtu hupata kazi mpya, au mtoto, au huchoka kushindwa, na timu hubaki bila mwenyewe. Msimamizi huitangaza na kumtafuta mrithi, na mrithi huyo kwa kawaida hupewa klabu iliyo mkiani, yenye mishahara mikubwa na ushindi mchache. Wazoefu huwashauri wasianze na msimamo wa ligi. Hufungua kwanza orodha za timu za chini, ngazi ya mwisho kabisa, ambako mara nyingi yupo kijana wa miaka 18 aliyeletwa na mtangulizi wao na kusahauliwa huko, akiwa hajapangwa hata katika mechi moja tangu msimu uanze.